Timbo la Bamburi liligeukaje msitu: ni mvinje, ni jongoo, ni maji, au ni pesa za simiti?

#1 Mwenye Timbo

Wanajukwaa, salaam. Mwezi uliopita niliwapeleka watoto wa dada yangu kwenye bustani ya Haller pale Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Wao walikwenda kumlisha twiga. Mimi nilibaki nimeinamia ardhi. Chini ya miti ile kuna udongo mweusi, mwepesi, unaobonyea ukiukanyaga, ilhali mahali pale palikuwa timbo la kiwanda cha simiti, lililochimbwa tangu miaka ya 1950 hadi likabaki jiwe tupu la matumbawe, jeupe, lenye kuumiza macho jua likipanda.

Sababu ya kuuliza ni hii. Familia yetu ina ekari mbili upande wa Kilifi ambazo marehemu baba alimkodisha mtu achimbe mawe ya kujengea. Mtu huyo alichimba, akauza, akaondoka, na sisi akatuachia shimo lenye kina cha watu watatu waliopandana mabegani, ambamo hata nyasi zimekataa. Nataka kujua ni kitu gani hasa kilichoifufua Bamburi, kwa maana kila ninayemwuliza ana jibu lake. Je, ni mti, ni mdudu, ni maji, au ni mfuko wa kiwanda?

#2 Binti Kisauni

Karibu, ndugu. Jibu ni mti, na mti wenyewe ni mvinje. Mwaka 1971, René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda, alipanda aina 26 za miti katika mashimo yaliyotobolewa kwenye lile jiwe. Zilizovumilia zilikuwa tatu tu: mnazi, mti wa kutoka pembe ya Afrika uitwao damas kwa Kisomali, na mvinje. Kati ya hizo tatu, mvinje ndio uliokimbia, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu ambamo huishi bakteria aina ya Frankia wanaoichukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mti. Kwa lugha nyingine, mti huo huja na mbolea yake mfukoni, na ndiyo maana hausumbuliwi sana na ardhi isiyo na kitu. Chumvi nayo haiutishi. Uangalie ufukweni unavyopigwa na kusi mwaka hadi mwaka.

#3 Mzee wa Jongoo

Binti Kisauni amesema kweli, lakini ameishia katikati ya njia. Mvinje ulipokua ulidondosha majani yake yale membamba kama sindano, nayo yakalala chini bila kuoza, kwa sababu yana tanini nyingi na wadudu wa kawaida hawayataki. Mngepata msitu uliosimama juu ya zulia kavu, basi. Kilichogeuza mambo ni Haller kumwona jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu akizitafuna zile sindano, akaamuru wakusanywe wenziwe kwa wingi na kuachiliwa chini ya miti. Jongoo alikula, akanya, na kinyesi chake kikawa mboji. Udongo ule uliouinamia, Mwenye Timbo, umepita tumboni mwa jongoo. Jina langu humu jukwaani halikuja bure.

#4 Kijana wa Tandika

Kwa hiyo, wazee wangu, tukubaliane kwamba Bamburi ni mahali pekee katika Afrika Mashariki ambapo jongoo alipanda mtungi?

#5 Mzee wa Jongoo

Kijana, hapa wapo watu wazima na mama zako. Hata hivyo nakubali kwamba alipanda.

#6 Mwalimu wa Viumbe, Tanga

Naomba nirekebishe kidogo #3 kabla wanafunzi wangu hawajaisoma. Jongoo hasagi mboji peke yake. Kazi yake kubwa ni kuvunjavunja: anayachukua majani magumu, anayakata vipande vidogo sana, na kuyachanganya na vijidudu vilivyomo tumboni mwake, kisha vijidudu hivyo pamoja na kuvu huendelea na kazi ndani ya kinyesi hata baada ya mwenyewe kwenda zake. Mara nyingi jongoo hurudi kula kinyesi kilekile, kwa kuwa sasa kina lishe zaidi. Kwa hiyo mwenye kutafuta shujaa wa mkasa huu amtafute yule asiyeonekana kwa macho, kuanzia kwenye kinundu cha mzizi hadi tumboni mwa jongoo.

Jambo la pili ni kwamba mvinje asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, Australia na visiwa vya bahari ya Pasifiki. Sasa nauliza: msitu uliooteshwa kwa mti wa ng'ambo, katika shimo lililochimbwa kwa mashine, una haki gani ya kuitwa hifadhi ya maumbile ya asili?

#7 Mwana wa Bahari, Lamu

Mwalimu, shikamoo, lakini hapo nitakupinga. Mti ambao una jina letu wenyewe, ambao babu yangu alitoa mlingoti wa mashua yake humo, na ambao watoto wa pwani nzima wamecheza chini yake, mimi siwezi kuuita mgeni. Ikiwa ulikuja, basi ulikuja kabla ya paspoti. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi, na bahari haina mlinzi.

#8 Mwalimu wa Viumbe, Tanga

Marahaba. Kukaa muda mrefu na kuwa mzawa ni mambo mawili, japo nakiri kwamba la mlingoti limenipendeza.

#9 Mkaazi wa Maskati

Nimefurahi kuona damas umetajwa, maana watu huuruka wakakimbilia mvinje na jongoo. Huku Ghuba mti huo na ndugu zake wa jamii ya Conocarpus wamepandwa kandokando ya barabara nyingi kwa kuwa huvumilia joto na maji ya munyu, hukua upesi, na hukatwa ukawa ua kama ukuta. Lakini lawama zake pia ni nyingi, hasa Kuwait, kwa sababu mizizi huyafuata maji popote yalipo na kuingia kwenye mabomba. Mwenye Timbo, ukiupanda, upande mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba. Katika jiwe tupu la Bamburi tabia hiyo ya kutafuta maji bila aibu ndiyo iliyokuwa sifa yake.

#10 Fundi Visima

Mkaazi wa Maskati amekaribia jambo ambalo nimekuwa nikisubiri mtu alitaje. Mnazungumza juu ya miti na wadudu kana kwamba timbo la Bamburi ni jangwa. Sakafu ya timbo lile iko juu kidogo tu ya maji yaliyomo chini ya ardhi. Waliacha kuchimba walipoyakaribia, na ndiyo maana leo mnaona mabwawa ndani ya bustani bila mtu kuleta maji kwa gari. Ni maji ya munyu, sawa, lakini ni maji. Mti uliowekwa ndani ya shimo dogo kwenye sakafu hiyo ulikuwa na safari fupi sana ya kuyafikia, na uliokufa ni ule usioweza kuyanywa. Orodha ya aina 26 kubaki tatu ni mtihani wa chumvi zaidi kuliko mtihani wa udongo.

Tena msisahau mabwawa hayohayo yalifugiwa perege, na mamba wakafuata. Mwenye Timbo, kabla hujanunua mche hata mmoja, tuambie: shimo lako lina maji?

#11 Mwenye Timbo

Ahsanteni nyote. Shimo langu halina maji ya kudumu. Baada ya masika hubaki kidimbwi kwa wiki mbili au tatu upande wa mashariki, vyura wanaimba, kisha panakauka na kupasuka. Jirani ana kisima karibu na hapo. Maji yake yana munyu kidogo, mbuzi wanayanywa, watu wanafulia. Sijui kama Fundi Visima atalihesabu hilo kuwa ni habari njema.

#12 Mhasibu Mstaafu

Ni habari njema kwa mbuzi. Wenzangu, mimi nimeisoma mijadala hii ya kufufua machimbo kwa miaka mingi, na jambo linaloachwa nje kila mara ni gharama. Kutoboa mashimo kwenye jiwe kunahitaji mashine, na kiwanda kilikuwa nazo. Kitalu kinahitaji mishahara ya watu ambao kwa miaka kadhaa hawazalishi chochote cha kuuzwa, na kiwanda kilikuwa na simiti ya kuuza. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1951 na uzalishaji ukaanza 1954, kwa hiyo Haller alipoanza kupanda, tanuri lilikuwa limeshatia fedha kwa muda wa miaka 17. Mwondoeni huyo mwenye mfuko, kisha muwaulize jongoo kama wangekuja.

Wala msidhani kiwanda kililazimishwa na sheria. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ilipitishwa 1999, na Sheria ya Madini inayomtaka mchimbaji aweke dhamana ya kurekebisha ardhi ni ya 2016. Hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni Nairobi, lilianzishwa 1972, mwaka mmoja baada ya miche ya kwanza. Shirika hilohilo lilimtunuku Haller mwaka 1987, likamweka katika orodha yake ya watu 500 wa kuheshimiwa kwa kazi ya mazingira.

#13 Mtoto wa Kitalu

Naomba kutofautiana na Mhasibu, si kwa takwimu bali kwa picha anayoichora. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa kupanda miche pale. Alikuwa akituambia kwamba mashine ilitoboa, lakini baada ya mashine kulikuwa na mikono: ya kubeba udongo kidogo kidogo, ya kumwagilia, ya kung'oa uliokufa na kurudishia mwingine, ya kuokota jongoo vijijini na kuwatia katika makopo na magunia. Watoto tulidhani baba amepoteza akili kwa kuleta nyumbani kopo la jongoo. Bustani leo ina jina la mtu mmoja, na sina ubishi kwamba fikra ilikuwa yake, ila mkiorodhesha sababu, baina ya mti, mdudu, maji na pesa, wekeni na migongo ya watu.

#14 Mzee wa Jongoo

Mtoto wa Kitalu, Mungu amrehemu mzee wako. Je, aliwahi kusema waliwaokota wapi hasa?

#15 Mtoto wa Kitalu

Alisema mwezi wa nne na wa tano, mvua zikianza, hakukuwa na haja ya kuwatafuta.

#16 Kijana wa Tandika

Mimi nakumbusha kwamba mwaka 2024 kampuni ya Kitanzania, Amsons, ilinunua Bamburi Cement. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kenya wanaposimulia habari za jongoo, waombe ruhusa kwanza Dar es Salaam. Na mbona hakuna aliyemtaja Owen, yule kiboko aliyeletwa na tsunami akalelewa na kobe jike aitwaye Mzee? Watalii wengi walikwenda Bamburi kwa ajili ya hao wawili, si kwa ajili ya mboji.

#17 Mwana wa Bahari, Lamu

Kijana, kampuni mmenunua. Jongoo hakuwemo katika hesabu ya mali. Kuhusu Owen, umekosea mara mbili. Kwanza, Mzee ni dume, kobe mkubwa wa ukoo wa Aldabra huko Shelisheli, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi wakati ule, na mwanzoni hakufurahia hata kidogo kufuatwafuatwa na kiboko mchanga. Pili, tsunami ya Desemba 2004 haikumtoa Owen mbali. Viboko wa mto Sabaki walikuwa wameteremshwa na mafuriko hadi karibu na bahari pale Malindi, na mawimbi yalipokuja yeye akabaki peke yake kwenye miamba. Watu wa Malindi walimnasa kwa nyavu wakampeleka Bamburi, akamkimbilia Mzee na kujibanza nyuma yake.

Lakini huoni kwamba kisa hicho kinajibu sehemu ya swali la mleta mada? Mwaka 2004 kulikuwa na mahali pa kumpeleka kiboko, penye bwawa, majani na kivuli, ndani ya lile shimo la simiti.

#18 Msafiri wa Berlin

Salaam kutoka Ujerumani. Naleta mfano wa kuwachanganya zaidi. Katika mtaa wa Schöneberg hapa Berlin kuna uwanja wa zamani wa kupangia mabehewa ya treni, uitwao Südgelände. Treni ziliacha kuutumia mwaka 1952, na kwa sababu mji ulikuwa umegawanyika, hakuna aliyeshughulika nao. Hakupandwa kitu. Miti ikaota yenyewe katikati ya reli, ndege wakaja, na baadaye wakazi wakapigana mpaka mahali hapo, hekta 18, pakafunguliwa kuwa hifadhi mwaka 2000. Huko hakuna Haller, hakuna jongoo wa kuokotwa, wala hakuna kiwanda kilicholipa. Hapo sababu ni moja: kuachwa. Je, Mwenye Timbo hawezi kuziba njia ya kuingilia na kusubiri?

#19 Mwalimu wa Viumbe, Tanga

Mfano ni mzuri, lakini masharti si sawa. Uwanja wa treni una kokoto, vumbi la makaa na udongo kati ya mataruma, na pembeni yake kuna bustani na miti ya mji yenye kumwaga mbegu kila msimu. Sakafu ya matumbawe iliyochimbwa upya ni bapa, ngumu, haina ufa wa kushika mbegu, na adhuhuri huwaka kama kikaango. Mbegu inaweza kuanguka humo mwaka baada ya mwaka na ikafa mwaka baada ya mwaka.

Kwa kuwa nimeshawasumbua kuhusu uzawa wa mvinje, haki inanidai niseme na upande wa pili. Mvinje wa Bamburi haukuachwa utawale. Mboji ilipojikusanya, mivinje ilipunguzwa, na miti ya pwani yetu ikaingizwa kivulini mwake. Mikuyu ilipozaa, ndege, popo na tumbili walianza kuleta mbegu ambazo hakuna aliyezipanda. Kwa hiyo mvinje ulifanya kazi ya yaya. Kama mtoto aliyelelewa na yaya wa ng'ambo ni mzawa au si mzawa, hilo nawaachia watu wa Lamu.

#20 Mwana wa Bahari, Lamu

Watu wa Lamu wamekusikia na wanacheka.

#21 Jirani wa Vumbi

Sipendi kuwa mwenye kutia maji kwenye mchuzi, lakini nyumba yetu, ambayo sitaitaja iko wapi, ipo karibu na timbo la kampuni nyingine kabisa ambayo pia sitaitaja. Kila tulipokwenda kulalamika juu ya vumbi na nyufa za ukuta, tulionyeshwa picha za bustani zilizofufuliwa kwingineko na kuambiwa tuwe na subira. Hofu yangu ni kwamba mfano mmoja mzuri wa Bamburi, ambao ni mzuri kweli na nimeutembelea, umekuwa pazia la mashimo mengi yasiyo na mwenyewe. Msitu wa pale juu ya ardhi haukurudi kama ulivyokuwa kabla ya 1954. Kilichopo ni kitu kipya chini ya usawa wa zamani wa ardhi, chenye kuta za jiwe pembeni. Mawe yenyewe, ambayo bahari ya zamani ilichukua maelfu ya miaka kuyajenga, yako ndani ya nyumba zetu.

#22 Mhasibu Mstaafu

Jirani, hilo la pazia ni kweli tupu, na ndiyo sababu nasisitiza dhamana ilipwe kabla ya jiwe la kwanza kukatwa. Aliyeondoka na faida hashikiki tena kwa shati. Ila nakosoa jambo moja: usilaumu bustani kwa matumizi ya picha zake.

#23 Binti Kisauni

Narudi kwa marekebisho madogo ya tarehe, kwa sababu nimeulizwa pembeni. Haller alianza kupanda 1971, lakini wananchi hawakuruhusiwa kuingia mara moja. Bustani ilifunguliwa kwa umma 1984 kama njia ya matembezi ya Bamburi, na jina la Haller lilikuja baadaye. Miaka 13 kati ya mche na mgeni wa kwanza, Mwenye Timbo. Usije ukakata tamaa Desemba hii.

Bado nasema ni mvinje.

#24 Fundi Visima

Bado nasema ni maji. Lakini kwa ekari mbili za ndugu yetu natoa ushauri wa bure. Anzia upande wa mashariki pale kidimbwi kinapobaki, kwa maana ndipo sakafu ilipo chini kabisa. Usijaribu kupanda shimo zima. Toboa mashimo machache kwa mtaimbo, ujaze udongo, na mengine uyaachie miaka ijayo.

#25 Mwalimu wa Viumbe, Tanga

Katika udongo huo wa kujazia, changanya konzi kadhaa za udongo uliochotwa chini ya mvinje mkongwe wenye afya, mizizi yake midogo ikiwemo. Mche wa mvinje usiokutana na Frankia hugeuka manjano na kudumaa, nawe utadhani ni kiu. Wakulima wa Kilifi wanaopanda mivinje kwa ajili ya nguzo watakupa bila kukudai.

#26 Mwenye Timbo

Nimewasoma wote, mara mbili, na sijapata jibu moja, ila nimepata mahali pa kuanzia. Nimezungumza na mjomba wangu, ambaye ana mivinje ya nguzo, na amenipa miche 40 pamoja na debe la udongo wa chini yake. Mashimo 12 yameshatobolewa upande wa mashariki. Mtaimbo umeniachia malengelenge, na nimemkumbuka marehemu baba yake Mtoto wa Kitalu. Nitapanda vuli zikikaza.

Swali la mwisho kwa Mzee wa Jongoo: niwalete lini?

#27 Mzee wa Jongoo

Usiwalete sasa, watakufa njaa. Miti ikishaanza kudondosha sindano za kufunika unyayo wako, subiri masika, beba kopo, utoke barabarani alfajiri.

#28 Kijana wa Tandika

Na mtungi, mzee?

#29 Mzee wa Jongoo

Kopo linatosha.